Rundo la Nne

Karatasi ya kwanza iliyonisimamisha kitini usiku ule ilikuwa na alama ya vema iliyoanzia ndani ya kisanduku cha mgombea wetu, ikapanda, ikavuka mstari na kuishia kwenye jina la mgombea aliyekuwa juu yake. Msimamizi wa kituo aliinyanyua kwa vidole viwili, akaizungusha taratibu ili mawakala wote wanne tuione, kisha akauliza kama yupo mwenye neno. Nilikuwa nalo. Nilisema, kwa sauti iliyozidi kidogo ile niliyokusudia, kwamba mkono unaotetemeka si mkono usiojua unachotaka, kwamba alama ihesabiwe pale ilipoanzia, na kwamba sheria inataka nia ya mpigakura ionekane, haidai mwandiko mzuri. Msimamizi alitafakari, akakubali, akaiweka karatasi kwenye rundo letu. Niliketi nikiwa nimejiridhisha kabisa, bila kujua kwamba siku mbili baadaye ningesomewa maneno hayohayo, neno kwa neno, na mtu wa upande wa pili.

Kazi yangu ya kila siku ni uhasibu, na siasa sikuwahi kuizoea zaidi ya kuizungumza. Nilikubali kuwa wakala kwa sababu mgombea mwenyewe nilimwamini, na kwa sababu mratibu wake wa kampeni alinijia wiki tatu kabla ya siku ya kupiga kura akasema kwamba wapiga kelele anao wa kutosha, anayemkosa ni mtu wa hesabu. Uchaguzi ule wa bunge ulikuwa wa kukabana koo nchi nzima. Kambi mbili kubwa zilikuwa zimekaribiana kiasi kwamba tofauti iliyotajwa katika tafiti za maoni ilikuwa ndogo kuliko kasoro ambayo watafiti wenyewe walikiri kuwa nayo, maana yake hakuna aliyejua lolote, ingawa kila mtu alizungumza kama aliyedokezewa. Vyama vidogo vilikuwa vitatu au vinne vyenye uzito, na kila kimoja kilishajua kwamba viti vyake vichache ndivyo vitakavyoamua nani ataunda serikali. Jimbo letu lilihesabiwa miongoni mwa yale yanayoweza kwenda popote.

Mafunzo ya mawakala yalichukua nusu siku, na robo tatu ya muda huo ilihusu wizi: lakiri iliyokatwa, mtu anayerudi kwenye foleni mara ya pili, karatasi zilizokwisha kujazwa kabla ya kuingia kituoni. Sidharau hayo, kwa kuwa hutokea, na zipo nchi ambako ndiyo habari yote. Lakini niliingia kituoni nikiwa nimejiandaa kumkamata mwizi, na nilichokutana nacho ni watu waliochoka, wenye miwani iliyojaa ukungu, wanaohesabu karatasi chini ya taa hafifu baada ya kuwa kazini tangu kabla ya alfajiri. Katika uchaguzi wenye tofauti kubwa, uchovu wa watu hao hauna madhara, kwa sababu makosa yao humezwa na maelfu. Tofauti ikiwa ndogo kuliko makosa, makosa ndiyo huwa mshindi, na hili hakuna aliyenifundisha katika ile nusu siku.

Jambo ambalo wengi wasiowahi kukaa ndani ya chumba cha kuhesabia hawalijui ni kwamba hesabu ya kwanza haimhusu mgombea yeyote. Kabla ya kutenganisha kura, kituo kinapaswa kuonyesha kwamba karatasi kilizopokea zinalingana na zilizotumika, zilizoharibiwa na wapigakura na kubadilishwa, na zilizobaki bila kuguswa. Kisha sanduku hufunguliwa na karatasi zilizomo huhesabiwa zikiwa zimegeuzwa uso chini, na idadi yake hulinganishwa na majina yaliyowekewa alama kwenye daftari la wapigakura. Kituoni kwetu daftari lilionyesha watu 412 na sanduku likatoa karatasi 411. Wakala kijana wa chama kimojawapo kidogo aliruka kana kwamba amechomwa, akataka kila kitu kisimame. Tulihesabu upya, tukapata 411 ileile. Msimamizi aliandika tofauti hiyo kwenye fomu kama ilivyo, akaeleza kwamba yumkini kuna mtu aliyepewa karatasi akaikunja mfukoni na kuondoka nayo, na kazi ikaendelea. Kwangu mimi, ile moja iliyopungua ilinipa imani zaidi kuliko ambavyo ingenipa hesabu iliyokamilika. Vitabu vinavyolingana senti kwa senti kila mwezi, bila hata maelezo ya pembeni, ndivyo mhasibu huvirudia mara mbili.

Baada ya hapo ndipo marundo yalipoanza kukua mezani. La kwanza lilikuwa letu, la pili la mpinzani mkuu, la tatu la wale wagombea wengine watatu kwa pamoja, hadi yatakapotenganishwa. La nne lilikuwa la karatasi zilizoleta utata, na ndilo nililolitazama usiku kucha, kwa kuwa lile la kwanza na la pili yalikwenda sambamba kama watu wawili wanaopanda ngazi moja.

Ningependa kila anayezungumzia siasa apate saa moja ya kulipitia rundo la nne. Kulikuwa na karatasi tupu kabisa, safi, iliyokunjwa kwa uangalifu mara mbili, ya mtu aliyepanga foleni kwa saa kadhaa ili aje asiseme kitu. Kulikuwa na iliyoandikwa "wote wezi" kwa herufi kubwa kutoka kona hadi kona, na nyingine yenye alama ya vema kwa kila mgombea, watano wote, kama mzazi asiyetaka kubagua watoto. Moja ilikuwa na alama kwa mpinzani wetu, iliyofutwa kwa mistari mingi, kisha alama nyingine kwa mgombea wetu, na pembeni, kwa mwandiko mdogo wa kujibana, maneno "samahani nimekosea". Tuliibishania ile kwa dakika kumi. Nia ilikuwa wazi kama mchana, lakini maandishi yangeweza kumtambulisha mwandishi, na usiri wa kura ni nguzo ambayo hata nia njema haiwezi kuipita. Ilikataliwa. Bado naikumbuka kuliko karatasi nyingine zote, kwa sababu mtu yule alikuwa mwadilifu kuliko sisi sote tuliokuwa chumbani na adabu yake ndiyo iliyoifuta kura yake.

Yapata dakika arobaini baada ya hotuba yangu kuhusu mkono unaotetemeka, msimamizi alinyanyua karatasi nyingine. Alama ilianzia ndani ya kisanduku cha mpinzani, ikavuka mstari, ikaishia kwenye jina la mgombea wetu. Wakala wa mpinzani alikuwa mwalimu mstaafu wa kike ambaye watu wote chumbani, hata wa upande wetu, walimwita Mwalimu bila kuongeza jina. Hakusema kitu. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio wake, akaivaa, kisha akanitazama mimi badala ya kuitazama karatasi. Nilihisi kila hoja ya kinyume ikipanda kooni: kwamba hii imevuka zaidi, kwamba mstari wake ni mzito, kwamba huenda mtu alianzia upande wa pili. Nadhani baadhi yake ningeweza kuitetea. Nilisema, "Ihesabiwe." Usiku ule zikaja mbili nyingine za namna hiyo, zote za upande wao. Kanuni yangu iliyotupa kura moja ilikuwa imewapa wao tatu.

Tangu siku ile nimekuwa nikimwambia kila kijana anayeombwa kuwa wakala kwamba akae nyumbani jioni moja kabla ya uchaguzi, achore karatasi za kura kumi na mbili zenye utata bila majina ya wagombea, aamue ipi ihesabiwe na ipi ikataliwe, na aandike sababu. Akisubiri hadi ajue alama ni ya nani, hataamua tena, atakuwa anatafuta maneno tu. Najua ushauri huu unawachekesha waratibu wa kampeni, ambao humtaka wakala apiganie kila kilicho chake na apinge kila kisicho chake. Mbinu hiyo hufaa pale tofauti inapokuwa ya maelfu na hakuna atakayerudia kuzitazama karatasi. Jimbo likifika kwenye kuhesabiwa upya, wakala aliyesema mambo mawili yanayopingana usiku mmoja huwa hana tena sauti.

Wakati huo nilikuwa nimesoma kuhusu Winchester, jimbo la Uingereza ambalo mwaka 1997 mgombea wa Liberal Democrats, Mark Oaten, alitangazwa kumshinda Gerry Malone wa chama cha Conservative kwa kura 2. Kura zilizokataliwa kwa sababu tu hazikuwa na alama rasmi ambayo maofisa wa kituo walipaswa kuigonga zilikuwa 55, na zingehesabiwa, Malone ndiye angeshinda. Mpigakura hakuwa na kosa lolote. Aliyesahau kugonga alikuwa ofisa. Mahakama ilifuta matokeo, uchaguzi ukarudiwa Novemba mwaka huohuo, na Oaten akashinda kwa tofauti ya kura 21,556. Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha mtu asiyekubali kushindwa na akazidi kushindwa. Mimi kilinipeleka kwingine: kabla ya kura ya kwanza kupigwa kituoni kwetu, niliomba kila karatasi igeuzwe nyuma na kukaguliwa muhuri wake inapotolewa kwa mpigakura. Karani alinichukia hadi saa nne asubuhi, kisha akazoea.

Kituoni kwetu mpinzani alituzidi kwa kura 6. Nilipeleka nakala yangu ya fomu kwenye kituo cha kujumlishia nikiwa na huzuni, nikakuta kwamba kwingineko tulikuwa tumefanya vizuri, na kulipopambazuka jumla ya awali ilisomeka ubaoni: sisi 18,742, wao 18,733. Kura 9. Mtu aliupiga picha ubao ule, picha ikasambaa, na kabla ya saa mbili asubuhi nje ya uzio kulikuwa na vigelegele na honi za pikipiki. Mratibu wetu alinipigia simu akaniambia, "Tumeshashinda, kaka. Usikubali lolote litakaloletwa mbele yako."

Nilikaa na nakala za fomu za vituo vyote nikaanza kujumlisha, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoombwa kuifanya. Kura halali za wagombea wote watano, nilipozijumlisha kutoka kwenye jedwali la ubaoni, zilipungua kwa 27 zikilinganishwa na jumla ya kura halali zilizoandikwa chini ya fomu za vituo. Mhasibu yeyote akiona tofauti inayogawanyika kwa tisa, mkono wake huenda wenyewe kutafuta mahali ambapo tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, kwa sababu kosa la namna hiyo siku zote hutoa tofauti inayogawanyika kwa tisa: 63 ikiandikwa 36, tofauti ni 27; 81 ikiandikwa 18, tofauti ni 63. Haikunichukua muda. Katika kituo kimoja, fomu ilimpa mpinzani kura 241, na jedwali la majumuisho lilimwandikia 214.

Sitajipamba. Nilinyamaza. Nje walikuwa wakiimba jina la mgombea wetu, na mimi nilikuwa mtu pekee ndani ya ukumbi aliyejua kwamba hatukuwa mbele kwa 9, tulikuwa nyuma kwa 18. Nilijiambia kwamba kutafuta makosa yaliyowaumiza wao ni kazi ya wakala wao, kwamba mimi niko pale kwa niaba ya mtu mmoja, kwamba hata mawakili hawalazimiki kumsaidia mshitaki. Kila sentensi kati ya hizo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana zilinitosha kwa muda ambao sipendi kuukadiria. Kisha nikamwona Mwalimu, meza ya pili, akijumlisha kwa kikokotoo cha zamani chenye vitufe vikubwa, fomu moja baada ya nyingine, kidole chake kikishuka kwenye orodha ileile. Alikuwa amebakiza kama fomu sita kuifikia ile. Ndipo niliponyoosha mkono na kumwita msimamizi wa uchaguzi. Kama angekuwa amekwenda kupumzika, sijui ningefanya nini, na simdanganyi mtu kwamba najua.

Jedwali lilirekebishwa mbele yetu sote. Vigelegele vya nje vilikufa, vikazaliwa upande wa pili wa uzio. Mratibu wetu hakunipigia simu tena siku ile; alimpigia wakala mwenzangu na kumuuliza nimelipwa kiasi gani.

Tuliomba kura zihesabiwe upya, na ombi lilikubaliwa bila ubishi mkubwa, kwani tofauti ya kura 18 katika kura zaidi ya elfu thelathini na saba haiachi mtu mwenye akili timamu alale. Zipo nchi zisizosubiri hata ombi. Kanada, kwa mfano, tofauti ikiwa chini ya sehemu moja ya elfu ya kura zilizopigwa, hesabu mpya mbele ya jaji hufanyika yenyewe kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2025, katika jimbo la Terrebonne huko Quebec, hesabu hiyo ilimtoa mshindi mmoja na kumweka mwingine kwa kura 23,352 dhidi ya 23,351, kisha akajitokeza mpigakura aliyesema kwamba bahasha ya kura yake ya posta ilirudishwa kwake kwa sababu anwani iliyochapishwa juu yake ilikuwa na kosa kwenye msimbo wa posta.

Kuhesabu upya ni kazi isiyo na msisimko wowote. Vifurushi vya karatasi hamsini hamsini hufunguliwa mipira yake, karatasi hupitiwa moja moja mbele ya mawakala, hufungwa tena, huwekewa sahihi. Saa ya tano unaanza kuona alama za vema ukifumba macho. Lakini ndipo ukweli unapotoka, vipande vipande. Vifurushi kadhaa vya mpinzani vilikuwa na karatasi 49 au 48 badala ya 50, jumla zikapungua 6. Ndani ya kifurushi chao kimoja zilikutwa mbili zetu, zilizoingia huko bila shaka kwa mkono wa mtu aliyesinzia. Kwa hiyo kutoka 18 tukashuka hadi 12, na kwa kuwa zile mbili zilitoka kwao zikaja kwetu, tukawa nyuma kwa 8. Nilianza kupumua.

Hapo ndipo tulipofika kwenye karatasi zilizokataliwa, na ikagundulika jambo ambalo tungeweza kulitarajia kama tungekaa chini tukalifikiria: kila kituo kilikuwa na sheria yake. Alama iliyovuka mstari ilikubaliwa kituo hiki, na katika kituo kilichofuata ikakataliwa, na wasimamizi wote wawili walikuwa waaminifu. Msimamizi wa uchaguzi alisema lazima kipimo kiwe kimoja kwa jimbo zima, akauliza mawakala wanapendekeza kipi. Wakala mwenzangu alisimama haraka kupendekeza kwamba kila alama iliyogusa nafasi ya mgombea mwingine ikataliwe. Mwalimu alifungua daftari dogo la mazoezi ya shule, akatafuta ukurasa, na kusoma bila kupandisha wala kushusha sauti: mkono unaotetemeka si mkono usiojua unachotaka, alama ihesabiwe pale ilipoanzia. Akataja kituo, saa, na cheo cha aliyeyasema. "Ni maneno ya Bwana Mhasibu," akamalizia, "nami siku ile sikuyapinga, na leo siyapingi."

Kipimo kikawa hicho. Karatasi 31 zilizokuwa zimekataliwa zilirudishwa kwenye hesabu: 14 zetu, 17 zao. Tulishindwa kwa kura 11.

Wakati tukiwa ndani ya ukumbi ule, nchi nzima ilikuwa imebakiza viti vitatu visivyotangazwa, na chetu kilikuwa kimojawapo. Redio ya mlinzi mlangoni ilikuwa ikizitaja kambi mbili zikikimbizana kiti kwa kiti, na wachambuzi wakihesabu vidole: hawa wakiungana na wale, wanapata wingi, wale wakimkosa mmoja, hawapati. Nilikuwa nimezoea kusikia kwamba mbunge mmoja si kitu. Wasomaji wanaoijua historia ya Zanzibar hawahitaji kuelezwa. Katika uchaguzi wa Januari 1961, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata viti 10, chama cha Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9 na chama kidogo cha Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3, na kiti kimoja cha ASP, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja. Wajumbe watatu wa ZPPP walipogawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali haikuweza kuundwa, na uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni mwaka huohuo, uchaguzi uliofuatiwa na ghasia na vifo vya makumi ya watu. Swedeni nayo ilipata bunge la 175 kwa 175 mwaka 1973, na kwa miaka mitatu masuala kadhaa yaliamuliwa kwa kura ya kudra, yaani kwa kuchomoa karatasi, hadi walipopunguza kiti kimoja wakabaki na 349. Tofauti ya nchi hizo mbili haikuwa katika hesabu, kwa sababu hesabu ilikuwa ileile ya nusu kwa nusu. Ilikuwa katika kile ambacho kila upande uliamini kwamba upande mwingine ungefanya ukishinda.

Nafikiri hilo ndilo lililokuwa likining'inia juu ya vichwa vyetu ukumbini pia. Waliokuwa nje ya uzio hawakuwa na ugomvi na hesabu ya kura 11. Walichokuwa nacho ni hofu: ya kunyimwa, ya kudharauliwa, ya kukaa miaka mitano wakitazama. Unapokuwa na hofu ya namna hiyo, alama iliyovuka mstari huwezi kuiona kama alama. Mimi mwenyewe, niliyelelewa kwenye daftari la hesabu, nilikaa kimya juu ya zile 27 kwa sababu hiyohiyo.

Fomu ya mwisho ililetwa ikiwa na nafasi ya sahihi za mawakala. Wakala mwenzangu alikataa kutia sahihi na kuandika sababu zake, jambo ambalo ni haki yake na halibatilishi matokeo. Mimi nilitia sahihi. Mwalimu aliniomba kalamu yangu kwa kuwa yake ilikuwa imekauka, akatia yake, akanirudishia na kusema, "Pole, mwanangu. Nenda ukalale." Hakusema neno jingine, nami nilimshukuru kwa hilo.

Mgombea wetu alikuwa na siku chache za kuamua kama atafungua kesi ya kupinga matokeo. Wanasheria walimweleza kwamba kuonyesha makosa peke yake hakutoshi, na kwamba swali la mahakama ni kama makosa hayo yangebadilisha mshindi. Kwa hiyo nilitakiwa kuandika maelezo yangu, kituo kwa kituo, nami nikayaandika kurasa saba, pamoja na habari ya 241 na 214, pamoja na hotuba yangu ya usiku ule. Aliyasoma, kisha akanipigia simu mwenyewe, saa tatu usiku. Nilijiandaa kwa matusi.

"Zile kumi na saba zao," akasema, "kama usingesema yale maneno kituoni, si tungezizuia?"

Nilimwambia ndiyo, huenda tungezizuia. Lakini zetu kumi na nne nazo zingezuiwa kwa kipimo hichohicho, na tungeshindwa kwa nane.

Akanyamaza kwa muda. Nilisikia mtoto akilia mahali fulani ndani ya nyumba yake, na mlango ukifungwa.

"Nane," akasema. Akarudia mara ya pili, polepole, kama mtu anayepima neno hilo lina uzito gani mdomoni, kisha akakata simu.